Kopo Lililolazwa Chini ya Barabara

"Shangazi amepoteza miwani. Njoo umtafutie."

Ujumbe uliingia kwenye simu yake saa tano na dakika nne asubuhi. Alipousoma, nusu ya chai yake ilihamia kwenye kisahani.

Hakuwa na shangazi mwenye miwani. Katika ofisi yao maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: acha ulichoshika, chukua vifaa, watu watakufa leo.

Jina lake la kazi lilikuwa Kunguru. Wenzake walimpa kwa kejeli, kwa kuwa kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na mwanamke huyu alikuwa mwoga kuliko majasusi wote waliowahi kula kiapo kile. Aliogopa lifti. Aliogopa mbwa, ngazi zisizo na taa na sauti ya mkuu wake. Miaka kumi na moja kazini, hakuwa amezoea hata siku moja.

Wala hakuwa amepigwa risasi hata moja.

Alikwisha kuingia katika Toyota nyeupe isiyo na alama, funguo zikilia mkononi mwake kama njuga, ndipo sauti ya Mkuu ilipomfikia sikioni kwa redio.

"Kunguru, unanisikia?"

"Nakusikia, Mkuu."

"Tumenasa mazungumzo ya wale wapinga amani. Nakusomea kama yalivyo. 'Zawadi itapita chini ya barabara. Saa sita kasorobo itakuwa mezani.' Mwisho."

Hakuhitaji kuuliza meza ipi. Siku hiyo ilikuwa na meza moja tu. Katika Ukumbi wa Mikutano, nchi mbili zilizopigana mpakani kwa miaka tisa zilikuwa zimekaa kutia saini amani. Watu mia mbili. Milango miwili. Simu zote zilikusanywa mlangoni. Na ndani ya kibanda cha kioo, masikio yakiwa yamefunikwa kwa vipokea sauti, alikuwa amekaa mkalimani mmoja mwenye mdomo mwepesi: mdogo wake Kunguru, wa tumbo moja.

"Chini ya barabara mmekagua?"

"Mifereji yote. Kiumbe mkubwa kuliko wote waliyemwona humo ni panya. Hakuna mahali mtu anaweza kupita."

"Si mtu, Mkuu. Ni kopo."

"Rudia."

"Taarifa yangu ya wiki tatu zilizopita. Ile mliyoicheka."

Kazi ya Kunguru ilikuwa kusoma mtandao. Hakusoma siri za serikali. Hizo zilikuwa na wasomaji wao. Yeye alisoma vioja. Saa ya kituo cha reli iliyokimbia kinyume kwa miaka sita pasipo msafiri kulalamika. Paka aliyeandikishwa kuwa mlinzi wa ghala na akastaafu kwa barua rasmi. Mnara wa taa ya meli uliojengwa mbali na bahari kwa sababu mhandisi aliishika ramani juu chini. Watu waliyaandika mambo hayo katika ukurasa uitwao Tuliyoyasahau, wengine wakayasoma, wakacheka, wakaendelea na maisha yao.

Kunguru hakucheka. Aliamini jambo moja: kisichokumbukwa hakilindwi.

Miongoni mwa vioja hivyo ilikuwamo habari ya mrija wa posta. Zamani, kabla ya simu kujaa mifukoni, Posta Kuu ilikuwa ikipeleka barua za haraka kwa upepo. Barua ilitiwa ndani ya kopo la shaba, kopo likatumbukizwa katika mrija wa chuma ghorofa ya tatu, na feni kubwa iliyokuwa chini ya jengo ikalisukuma kupita chini ya barabara hadi ng'ambo, katika jengo ambalo sasa ni Ukumbi wa Mikutano. Kisha mashine za kisasa zikaja, na mrija ukasahauliwa ukiwa mzima ardhini.

Katika juma moja, kompyuta moja ya nchi ya mbali ilikuwa imeifungua habari hiyo mara mia moja na arobaini.

Kunguru aliandika taarifa. Katika kikao, mtu mmoja aliuliza kama sasa anaogopa na mabomba.

"Kopo," Mkuu alisema polepole. "Ndani yake?"

"Chupa ya sumu ingetosha. Ikifika ng'ambo, inapasuka yenyewe. Mdomo wa mrija ulifunikwa kwa mbao za nakshi wakati wa ukarabati. Mbao zina matundu. Sumu itatoka kama manukato."

"Mdomo huo uko ukuta upi?"

"Hakuna ajuaye."

Mkuu alivuta pumzi. "Nikiwatoa watu mbio, ujumbe wa upande wa pili utadhani ni mtego, na walinzi wao wana bunduki. Nahitaji dakika ishirini niwatoe kwa adabu. Kikosi kinakwenda ghorofa ya tatu, lakini mlango wa huko ni wa chuma. Watahitaji muda kuukata. Wewe upo karibu kuliko wote. Shuka kwenye feni."

"Peke yangu?"

"Peke yako."

Aliwasha gari. Saa yake ya Casio ilionyesha saa tano na dakika kumi na tisa.

Njiani alipiga simu. Upande wa pili ilipokewa mara moja, kana kwamba mwenyewe alikuwa ameikalia.

"Bibi, ile feni ya posta, kama mtu akiwa ameshatuma kopo, naizimaje—"

"Shikamoo imepotelea wapi?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sasa sema, tena useme polepole. Unatetemeka kama jani."

Bibi Karani alikuwa na miaka themanini na mmoja. Miaka thelathini na miwili kati ya hiyo aliitumia chini ya jengo la Posta, akilinda upepo. Mjukuu wake alipomwonyesha ile habari mtandaoni, aliisoma yote kwa miwani na rula, kisha akaandika maoni chini yake: "Picha ya nne, mwandishi amekosea. Hiyo si breki iliyoharibika. Ni kitanda. Mwulizeni aliyefanya kazi pale." Akasubiri jibu. Alisubiri miaka minne. Wa kwanza kujibu alikuwa Kunguru, kwa simu, wiki tatu zilizopita.

"Kuizima feni hakutakusaidia," Bibi alisema. "Ina gurudumu zito. Ukikata umeme, litazunguka dakika mbili nzima kabla halijachoka, na kopo litakuwa limeshafika. Kopo halizuiwi, mwanangu. Kopo hulazwa."

"Hulazwa vipi?"

"Mpokeaji akiwa amekwenda kula, tungelitupa sakafuni? Tulilaza. Kuna mkono wa chuma ubavuni mwa mrija. Ukiushusha, upepo unatokea pembeni, na kopo linalala bondeni, chini ya barabara, taratibu kama mtoto. Lakini sharti ushushe kwa wakati. Mrija una magoti matatu, pale unapojikunja. Goti la kwanza liko juu ya kichwa chako. La pili liko ukingoni mwa barabara. La tatu liko bondeni. Kopo likipita goti, linagonga. Likigonga la tatu, shusha."

"Nikikosea?"

"Ukiwahi, litakurudia wewe lipasuke miguuni pako. Ukichelewa, limekwisha kupanda kwao. Kwa hiyo usikosee."

Bibi alisema hivyo kama mwalimu anayekataza wino kumwagwa.

"Nitasikiaje kugonga, Bibi? Feni inanguruma."

"Usisikilize kwa sikio. Sikio lenye hofu husikia moyo wake tu. Upande wa kushoto wa mrija kuna penseli imefungwa kwa uzi. Ncha moja iweke kwenye chuma, nyingine uing'ate. Meno hayana hofu."

Maelezo hayo alimpitishia Mkuu kabla hajaegesha gari. Posta Kuu ilikuwa jengo lililobakiwa na uhai wa sakafu moja. Madirisha mawili ya kuuzia stempu yalikuwa wazi. Mengine yote yalikuwa yamepigiwa mbao. Mlangoni kilisimama kibao: LIFTI INATENGENEZWA, SAMAHANI KWA USUMBUFU.

Kunguru alikisoma mara mbili. Jengo lile halikuwa na lifti.

Ngazi za kushukia chini zilikuwa thelathini na moja, na taa yake ilikuwa imekufa. Alizihesabu zote. Katika ngazi ya kumi na mbili mtandao wa simu ulikatika. Katika ya ishirini alianza kuisikia feni: mngurumo wa chini kwa chini, unaoingia kwa nyayo kabla haujaingia masikioni. Alikuwa amebeba faili la kahawia kifuani. Nyuma ya faili mkono wake ulishika tochi nyeusi yenye meno mawili ya umeme.

Bastola aliiacha garini. Ndani ya chumba cha chuma, risasi haichagui wa kumrudia.

"Nani kakuruhusu kushuka huku?"

Mtu huyo alikuwa amevaa ovaroli ya buluu yenye neno FUNDI mgongoni. Bastola aina ya Makarov ilikuwa mezani, mkono wake ukiwa shubiri moja kutoka hapo. Nyuma yake feni ilizunguka ndani ya kizimba cha chuma, kubwa kama mlango wa kanisa.

"Samahani, kaka." Sauti ya Kunguru ilikatika katikati. "Natoka juu, dirisha la barua. Huo upepo wenu unarusha karatasi. Bosi kanituma niulize. Mimi mwenyewe hata hizo ngazi nimezishuka nikisali."

Ukiondoa dirisha la barua, karatasi na bosi, yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake ya kazi. Majasusi wengine walijifunza kuigiza hofu, na walioishi na hofu waliwatambua. Yeye hakuigiza.

Fundi alimtazama magoti. Yalikuwa yakigongana. Mkono wake ukaondoka karibu na bastola, ukakuna kidevu.

"Dada, unatetemeka hivyo kwa ajili ya feni?"

"Naogopa umeme, kaka. Tangu utotoni."

"Umeme haumli asiyeugusa," Fundi alisema, akacheka.

"Ndivyo wanavyosema," Kunguru alijibu, akamgusa.

Fundi alianguka kama gunia lililokatwa kamba. Kunguru aliisukuma Makarov chini ya kabati kwa mguu, akatoa pingu ya plastiki, akazungusha viganja vya yule mtu mgongoni. Vidole vyake vilikataa kumtii. Pingu ilipita, ikalia mara moja badala ya mara tatu. Alidhani imeshika.

Haikushika.

"Mkuu, niko chini. Mmoja amelala."

Redio ya kikosi ilikwaruza. "Vizuri. Mkono wa chuma umeuona?"

Alimulika huku na huku. Mrija ulitoka darini, mnene kama paja la mtu mzima, ukateremka ukutani na kuzama sakafuni kuelekea barabarani. Ubavuni mwake palikuwa na kitu kimefunikwa kwa koti la kijivu na mfuko wa chakula cha mchana.

Alilivuta koti.

Mkono wa chuma ulikuwa hapo hapo, mzima, umepakwa rangi nyekundu iliyopauka. Watu hawa walikuwa wameisoma ile habari mara mia moja na arobaini. Walijifunza waya upi hupeleka umeme wapi, na kopo lina upana gani. Na kwa kuwa chini ya picha ya nne paliandikwa "breki iliyoharibika", waliuacha ukutani wakaufanya chango cha makoti.

Upande wa kushoto uzi ulining'inia. Mwisho wa uzi palikuwa na penseli, fupi kama kidole gumba.

Mara redio ya Motorola iliyokuwa kiunoni mwa Fundi ikasema.

"Chini, upepo ukoje?"

Kunguru aliganda.

"Chini. Jibu, bwana. Umesinzia?"

Sauti ile ikabadilika, ikawa baridi.

"Kuna mtu huko. Sisubiri saa. Naachia."

Saa tano na dakika thelathini na tano. Dakika kumi kabla ya wakati.

"Mkuu, wanatuma sasa. Sasa hivi!"

"Haiwezekani. Ndiyo kwanza wameanza kutoka; mia moja na themanini bado wamo ndani."

"Mdogo wangu?"

"Naye yumo," Mkuu alisema.

Juu kabisa, ghorofa ya tatu, kitu kilianguka ndani ya chuma.

Kunguru alitega sikio kwenye mrija kabla hajakumbuka. Akasikia kishindo, kingine, kingine. Vishindo kumi vikifukuzana, na vyote vilikuwa moyo wake. Bibi alikuwa amesema kweli. Aliidaka penseli, akaukata uzi wake kwa kuivuta, akaweka ncha moja kwenye chuma, nyingine akaitia kinywani.

Meno yake yaligongana juu ya mti. Akayakaza.

Kukawa kimya.

Hakukuwa na moyo tena, wala feni. Kulikuwa na mtikisiko mwembamba tu, kama nyuki aliyefungwa ndani ya fuvu, ukikaribia.

Dh.

Goti la kwanza, juu ya kichwa chake. Kifo cha watu mia mbili kilipita kwenye shavu lake, kikateremka sakafuni na kuendelea na safari.

Aliushika mkono wa chuma kwa viganja vyote viwili. Ulikuwa wa baridi, nao ulikuwa mzito kuliko alivyodhani.

Ndipo kitu kilipomshika kifundo cha mguu.

Fundi alikuwa amefumbua macho. Mkono mmoja ulikuwa umetoka kwenye pingu, na vidole vyake vilikuwa kama koleo. Alivuta. Kunguru aliyumba; penseli iliteleza kwenye chuma, mtikisiko ukapotea, akairudisha kwa shingo. Alitaka kupiga yowe. Yowe lilifika kooni. Lakini anayepiga yowe hufungua mdomo, na akiufungua mdomo, penseli itaanguka.

Alilimeza yowe.

"Acha hiyo, dada," Fundi alisema kwa kukoroma. "Hiyo breki ni mbovu tangu zamani. Tumesoma."

Dh.

La pili? Au lilikuwa ni la tatu, na la pili lilipita penseli ilipoteleza?

Jasho lilimwingia machoni. Fundi alivuta tena, na goti moja la Kunguru likapiga sakafu. Sasa alikuwa ananing'inia kwenye mkono wa chuma pasipo kuushusha, kama mtu aliyening'inia ukingo wa kisima. Alijaribu kukumbuka. Bibi alisema la pili liko ukingoni mwa barabara. Kutoka hapa hadi ukingoni ni hatua chache. Kutoka ukingoni hadi bondeni ni mbali zaidi. Tangu dh ya kwanza alikuwa amevuta pumzi mara nne. Nne tu.

Basi ilikuwa ya pili.

Au ilikuwa ni ya tatu, na kopo lilikuwa likipanda ukumbini, kuelekea kibanda cha kioo.

Katika maisha yake yote hofu ilikuwa imemwambia neno moja: kimbia. Sasa ilimwambia shusha, shusha, shusha sasa hivi. Alitambua kwamba ni hofu ile ile iliyobadili vazi. Akaing'ata penseli hadi mti ukalia.

Akasubiri.

Pumzi moja. Fundi alianza kupanda mguu wake kwa mikono. Pumzi mbili. Tatu. Nne, tano, sita, saba.

DH.

Aliuachia mwili wake wote kwenye mkono wa chuma.

Rangi ya miaka arobaini ilipasuka. Mkono ulishuka kwa kilio kirefu, kilango kikafunguka ubavuni mwa mrija, na upepo ukamtokea usoni, na vumbi, na harufu ya karatasi za kale. Fundi alikohoa, akaachia. Kunguru aliokota tochi, akamgusa mara ya pili. Safari hii pingu ililia mara tatu.

Kisha akarudisha penseli kwenye chuma.

Hakuna kitu. Hata nyuki.

"Mkuu," alisema, penseli ikiwa bado mdomoni. "Ukumbini kuna nini?"

Redio ilikwaruza muda mrefu kuliko miaka yake yote kumi na moja ya kazi.

"Hakuna kitu. Watu wanatoka wawili wawili, wanalalamika. Kopo liko wapi?"

"Limelala chini ya barabara. Mfungeni huyo wa juu, mzuie magari, mlete wataalamu wa sumu walifukue polepole. Feni isiguswe mpaka ijichokee yenyewe."

"Wa juu ameshatoka mikono juu. Kunguru..." Mkuu alikohoa. "Ile taarifa yako. Nitaisoma tena."

"Isome hadi mwisho, Mkuu."

Sakafuni, Fundi alikuwa akimtazama kwa jicho moja.

"Ilikuwa breki mbovu," alinong'ona. "Iliandikwa."

"Iliandikwa pale juu, kaka. Chini, kwenye maoni, bibi mmoja alisahihisha."

Alipanda ngazi zote thelathini na moja. Katika ile ile ya kumi na mbili mtandao ulirudi, na ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa mdogo wake. "Tumetolewa nje eti umeme una hitilafu, ndiyo kwanza nimerudishiwa simu. Jua linatuchoma. Na wewe, dada yangu, bado umekunja miguu ofisini unasoma habari za paka?"

Aliandika: "Bado." Kisha akamalizia ngazi zilizobaki.

Nje, barabara ilikuwa tayari imefungwa kwa utepe. Wapita njia waliuliza kuna nini, na polisi aliwaambia bomba la maji limepasuka. Kunguru alipita katikati yao, faili kifuani, karani wa dirisha la barua anayewahi chakula.

Simu ililia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Afadhali umejifunza. Limelala?"

"Limelala, Bibi. Taratibu kama mtoto."

Upande wa pili pakasikika mtu akipenga kamasi kwa heshima zote.

"Nilisema si breki," Bibi alisema.

"Ulisema, Bibi. Leo nitalijibu lile neno lako pale pale ulipoliandika, wote wasome."

"Na uandike sentensi kamili. Penseli umeirudisha kwenye uzi wake? Ile ni mali ya ofisi."

Kunguru alitazama kiganja chake. Penseli ilikuwa humo. Kwenye mti wake palikuwa na alama za meno ya kale, ndogo, zilizopangika vizuri, zimelainika kwa miaka. Juu yake palikuwa na nyingine, mbichi na za kina.

Aliitia katika mfuko wa ndani wa koti lake, upande wa moyo, akaendelea kutembea bila haraka kuelekea kwenye Toyota.

"Nimeirudisha, Bibi," alisema.

Ulikuwa uongo wake wa kwanza siku ile kutoka bila kutetemeka.